Umemaliza Uhasibu? Usikae Ndani Kusubiri Benki



Leo tunaiweka mishono pembeni kidogo. Tunataka kusema na waliosomea biashara, uhasibu, benki na fedha: walio mwaka wa mwisho, waliovaa joho juzi, na waliovaa joho zamani ambao mpaka leo wako nyumbani wanasubiri kuitwa kwenye usaili. Tunajua mpo wengi hapa, maana ndio nyinyi mnaokuja dukani na picha kwenye simu mkitaka nguo ya mahafali, na baada ya mwaka mnarudi na picha nyingine ya nguo ya walima.

Sisi hatukufika chuo kikuu. Tulimaliza kidato cha nne, tukajifunza kushona, na leo tunashona Mwanakwerekwe na tunalipa mafundi. Kwa hiyo hatuji kukufundisheni hesabu; hesabu mmesoma nyinyi. Tunakuja kukwambieni namna mambo yanavyoonekana kutoka upande wetu, upande wa watu ambao kila siku pesa inapita mikononi mwao. Maoni yetu ni haya: msichana aliyesomea fedha hapa Unguja asiihesabu benki kuwa ndio mlango wake wa kwanza. Mlango wa kwanza ni daftari la mfanyabiashara. Aanze hapo, aanze na mtu mmoja, na ikiwezekana aanze kabla hajamaliza chuo.

Foleni ni moja

Wanaosomea fedha hapa kwetu si wachache. Ipo Skuli ya Biashara ya SUZA kule Chwaka, pale tulipopazoea kwa jina la Chuo cha Uongozi wa Fedha. Kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar Tunguu, kilichoanza mwaka 1998. Wapo wanaovuka bahari kwenda IFM Dar es Salaam au Mzumbe kule Morogoro. Wote hao wakimaliza wanaangalia milango ile ile: Wizara ya Fedha, Mamlaka ya Mapato (ZRA, ambayo wengi bado tunaiita ZRB), Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF), na PBZ, benki yetu ya tangu 1966. Ni milango mizuri na hatumzuii mtu kubisha hodi. Lakini viti vya ndani ni vichache, na aliyekaa hanyanyuki mpaka astaafu.

Kuomba kazi hakuna ubaya. Omba, tena omba dua juu yake. Ubaya ni kuomba kisha ukakaa. Mwaka wa kwanza unasubiri. Mwaka wa pili inakuja posa, unaolewa, na hilo ni jambo la heri kabisa. Mwaka wa tatu una mtoto mkononi, na siku ile simu inapopigwa ukaenda kwenye usaili, unaulizwa: baada ya chuo ulikuwa unafanya nini? Hapo wengi wananyamaza. Kuolewa hakukukunyamazisha, wala kuzaa. Kilichokunyamazisha ni kwamba miaka mitatu hukushika hesabu ya mtu yeyote, na elimu ya hesabu ni kama charahani, ikikaa bila ya kushonewa inashika kutu.

Tena mtu akishachoka kusubiri, anaikubali kazi yoyote itakayokuja mbele yake, hata ile isiyo na heri ndani yake. Hilo tutalifikia.

Pesa zipo, hesabu hazipo

Gari za Tunguu zinapita hapa hapa Mwanakwerekwe. Wanafunzi wanashuka, wananunua ndizi na mchicha, wanakwenda zao. Miaka mitatu wanapita katikati ya soko, na hawaoni kwamba limejaa kazi ile ile waliyoisomea.

Tuchukue mfano wa mshonaji mmoja. Ni mfano tu, ila fundi yeyote ataitambua habari yenyewe. Amepata oda ya sare ya harusi, magauni 20, kila moja shilingi 45,000. Hiyo ni 900,000. Kitambaa ni mita 4 kwa kila gauni na mita ni shilingi 5,000, jumla 400,000. Bitana, zipu na uzi ni 4,500 kwa kila gauni, jumla 90,000. Fundi wa kumsaidia ni 8,000 kwa kila gauni, jumla 160,000. Anatoa 650,000 kwenye 900,000, anaona amebakiwa na 250,000. Anamshukuru Mwenyezi Mungu, analipa fungu lake la mchezo, anamnunulia mama doti ya kanga.

Sasa aje mmoja wenu na kalamu. Ataandika kodi ya duka kwa zile wiki mbili, 75,000. Ataandika umeme 30,000. Ataandika nauli za kwenda na kurudi Darajani kutafuta kitambaa cha rangi moja, 25,000. Kisha ataandika magauni matatu ambayo wenyewe wameyavaa, wamepiga picha, na mpaka leo wanasema "nitakuletea wiki ijayo", 135,000. Jumla 265,000. Kumbe kwenye harusi ile mshonaji hakupata kitu. Ametoa 15,000 mfukoni mwake, na bado hatujaihesabia mikono yake iliyoshona mpaka usiku wa manane.

Mshonaji huyo si mjinga. Akikutazama mara moja anajua kiuno chako ni inchi ngapi. Ila hana mtu wa kumwekea hesabu, na kwa kuwa hana, mwezi ukiwa mgumu anakwenda kukopa pale pesa inapopatikana haraka, kwenye ile mikopo ambayo Tanzania nzima imeipa jina la kausha damu. Anaweka rehani televisheni, anaweka charahani yenyewe, na hajakaa sawa marejesho yameshaanza. Mhasibu mmoja mwenye daftari angemwonyesha kwamba hakuwa na haja ya mkopo. Haja yake ilikuwa ni kuchukua nusu ya pesa kabla ya kukata kitambaa, na kutotoa nguo dukani kabla haijalipwa.

Hiyo ndiyo kazi tunayoisema. Mpika keki, mpambaji wa kumbi, muuza udi na manukato, mwenye saluni, muuza mitumba, wote wanalipwa huku taslimu na huku kwa simu. Pesa ya duka na pesa ya nyumbani zimo ndani ya simu moja. ZRA inataka risiti na inataka ritani. Wapo wanaomwogopa mkaguzi na hali hawajaiba chochote. Wanachoogopa ni kwamba akija hawana cha kumwonyesha.

Na angalia vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Vilianza maeneo ya Jozani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la CARE, vikaenea shamba na mjini, Unguja na Pemba. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Kwa wanawake wengi wa kisiwani, sanduku lile ndio skuli yao ya kwanza ya fedha. Lakini ikifika siku ya kuvunja sanduku na kugawana, mara nyingi ni mtu mmoja tu anayeielewa hesabu, na wengine wanaamini tu. Tena vikundi vingine vinatoza ziada juu ya mkopo, na wanakikundi roho haziwatulii. Msichana aliyesoma fedha angeweza kuwaonyesha njia nyingine: kikundi kinunue charahani kwa pesa yake, kiimiliki, kisha kimuuzie mwanachama kwa bei inayojulikana, alipe kidogo kidogo. Hilo darasani mmelisoma kwa jina la murabaha. Sisi tunalihitaji sokoni.

"Sikusoma ili niandike madaftari ya sokoni"

Maneno haya tunayasikia kwa wasichana, na tunayasikia zaidi kwa wazee wao. Mzazi ameuza shamba, au mtoto amechukua mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, halafu aambiwe mwanawe anamwandikia hesabu muuza mitumba. Tunauelewa uchungu huo. Lakini tunaomba wazee wetu waitazame kazi yenyewe kabla ya kulitazama jengo inamofanyika.

Bi Khadija (R.A.) alikuwa na mtaji, akiwapa watu waufanyie biashara kwa makubaliano ya faida. Alipompa Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, bidhaa azipeleke Sham, alimtuma pamoja naye mtumishi wake Maysara. Maysara aliporudi alimpa bibi yake habari za safari na uaminifu alioushuhudia kwa macho yake. Tajiri yule hakuiachia mali yake iende hivi hivi; alikuwa na mtu wa kumpa taarifa ya kweli. Kumpa mwenye mali taarifa ya kweli juu ya mali yake ni kazi ya heshima, iwe mali ni ya msafara wa ngamia au ni ya kibanda cha Mwanakwerekwe.

Wala hatusemi ndoto zenu ziishie kibandani. Dk. Saada Mkuya Salum, Mzanzibari mwenzetu, alikuwa Waziri wa Fedha wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mwaka 2014 na 2015, na baadaye akakabidhiwa fedha na mipango hapa Zanzibar. Mwanamke wa kisiwani kufika huko kunawezekana, tumeona kwa macho yetu. Tunachosema ni kwamba daftari la sokoni halikuzuii kwenda Wizarani. Linakupa kitu cha kusema ukifika.

Mwandishi wa deni na mwandishi wa riba

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu ya leo, basi tunaomba msome taratibu.

Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na habari yake ni deni liandikwe. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inamkataza kukataa kuandika. Tumeisoma chuoni tangu tukiwa wadogo bila ya kufikiri kwamba inamhusu mhasibu. Yule anayemwandikia muuza vitambaa kwamba fulani anadaiwa kiasi hiki na atalipa siku fulani, yumo ndani ya agizo hilo, akinuia anapata thawabu.

Yupo na mwandishi mwengine. Katika hadithi aliyoipokea Jabir (R.A.), iliyomo ndani ya Sahih Muslim, waliolaaniwa kwa ajili ya riba si yule anayeila peke yake. Yumo anayeilipa, yumo anayeiandika, na wamo mashahidi wake wawili. Mwandishi ametajwa. Kalamu ni ile ile uliyofundishwa darasani. Kinachotofautisha ni kile unachokiandika.

Tunalisema hili kwa sababu msichana aliyesubiri miaka mitatu ndiye anayeajiriwa kwa urahisi na wakopeshaji wa kausha damu. Wanamwita afisa mikopo. Wanampa fulana na mkoba, na kazi yake ni kuwazungukia kina mama, kuwaandikisha, kisha kuwafuata majumbani wakichelewa. Shahada yake ya fedha inatumika kumchukulia mama charahani. Na akiikosa kazi hiyo, wanamfuata wenye kampuni za kuahidi faida kubwa kwa muda mfupi, wakitaka awaandikishe jamaa na majirani. Mwaka 2009 Tanzania nzima ilisikia habari ya DECI. Watu walitoa pesa wakaambiwa wanapanda mbegu, watakuja kuvuna, na mwisho wake viongozi walifikishwa mahakamani. Aliyesoma fedha ndiye anayetakiwa awe wa kwanza kuuliza: faida hii inatoka kwenye biashara gani? Kama jibu ni pesa ya mtu aliyeingia nyuma yako, basi hapo hapana biashara. Na wewe usikubali jina lako, na sura yako wanayoiamini majirani, viwe ndio mtego wenyewe.

Sasa je, kazi ya benki? Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Benki ina kazi nyingi, na wanazuoni wanaitazama kila kazi kwa namna yake. Nenda kwa sheikh unayemwamini ukiwa na barua ya kazi mkononi, mweleze utakuwa unafanya nini hasa kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha msikilize. Ila lifanye kabla hujasaini. Ukishazoea mshahara, kumsikiliza sheikh kunakuwa kugumu.

Kisha mjue kwamba mlango wa halali siku hizi si mwembamba kama ulivyokuwa. PBZ ilianza huduma za benki ya Kiislamu mwaka 2011, na mwaka huo huo Benki ya Amana ilianza kazi Tanzania, yote kwa yote kwa misingi ya sharia. CRDB nayo ina huduma yake ya Al Barakah. Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), lililoanzishwa mwaka 1969, limeingia kwenye takaful. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatoa sukuk. Huko kote wanatafutwa watu wanaojua murabaha, mudharaba na ijara kwa vitendo, wanaoweza kumkalisha mteja wakamweleza akaelewa, tena kwa Kiswahili. Na nani atakayeweza kumweleza vizuri kuliko aliyekaa sokoni na kina mama mwaka mzima?

Kuna kazi nyengine wengi wenu hamzifikirii. Muuza duka anatakiwa atoe zaka ya biashara, asilimia 2.5 ikifika kiwango na ikipitiwa na mwaka, na kiwango chenyewe kwa dhahabu ni gramu 85. Ataijuaje kama hajahesabu bidhaa zilizomo dukani, pesa iliyopo na madeni anayodai? Kila mwaka ikifika Ramadhani wafanyabiashara wanakisia. Wewe unaweza kuwahesabia. Mirathi nayo ni hesabu, na hapa kwetu Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulika nayo. Mtu akifa ameacha duka lisilo na daftari, mayatima wanadhulumiwa hata na watu wasiokusudia kudhulumu.

Hatua za kuanza nazo

Kwanza, usingoje joho. Ukiwa mwaka wa pili tafuta mwanamke mmoja mwenye biashara, awe shangazi, jirani, au fundi wako wa nguo. Mwambie: nipe madaftari yako na risiti zako za miezi mitatu, nitakupangia. Sisi kina mama ni wagumu kuonyesha pesa zetu, kwa hiyo usianze kwa kuuliza faida. Anza kwa kuuliza nani anakudai na nani unamdai. Hilo kila mtu anataka kulisema.

Pili, ifunge siri. Ukitoka pale usimwambie hata mama yako kwamba fulani anaingiza kiasi gani. Sokoni habari zinakimbia kuliko bodaboda, na mhasibu aliyetoa siri mara moja hapewi tena daftari. Amana ndiyo cheti chako cha kwanza, na kinasomwa na watu ambao hawatakuja kukiangalia kile cha chuo.

Tatu, patana malipo na yaandikwe. Kazi ya wiki mbili za mwanzo fanya kama sadaka ukipenda, lakini baada ya hapo sema bei. Tuseme wafanyabiashara watano, kila mmoja anakulipa 40,000 kwa mwezi, hiyo ni 200,000. Si mshahara wa benki, na hatudanganyi kwamba utajenga. Lakini unajilipia nauli na vocha na ada ya mtihani, na mwezi hupiti mikono mitupu.

Nne, endelea na masomo ya taaluma. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa mwaka 1972, ndiyo inayotahini CPA. Mwenye shahada asiyekuwa na CPA wapo wengi. Mwenye nayo anatafutwa. Na anayetaka upande wa Kiislamu aijue AAOIFI, taasisi iliyopo Bahrain inayoweka vigezo vya uhasibu wa taasisi za fedha za Kiislamu. Nayo inatoa vyeti kwa wahasibu na kwa wakaguzi wa sharia.

Tano, jifunze kazi za karatasi za hapa hapa: namna ya kusajili jina la biashara, namna ya kujaza ritani za ZRA, namna ya kuoanisha pesa za simu na daftari la mauzo. Chuoni utafundishwa hesabu za kampuni kubwa. Hizi ndogo utazijua kwa kuzifanya.

Sita, kila mteja unayemaliza naye, muombe barua fupi ya kusema umemfanyia nini. Siku ukiulizwa ulikuwa unafanya nini baada ya chuo, utazitoa.

Kwa maharusi wetu

Nyinyi mnaokuja kupimwa nguo, na harusi ni baada ya Mfunguo Mosi, tunataka kukwambieni neno kabla hamjaingia nyumba mpya.

Mali ya mwanamke katika dini yetu ni mali yake. Mahari ni yake, na chumo lake la halali ni lake, na mume juu yake kuna wajibu wa matumizi ya nyumba. Hilo halimaanishi mtu aingie ndani na ubishi. Linamaanisha azungumze mapema. Kama unataka kuendelea na kazi ya hesabu au na masomo ya CPA, mwambie mchumba wako kupitia kwa walii wako kabla ya nikaha, kwa maneno laini na ya wazi: nataka hivi, nitafanyia nyumbani, nitatoka siku hizi. Wanaume wengi wanakubali wanapojua kinachofanywa na pamoja na nani. Wanachochukia ni kuja kukijua baadaye.

Na kazi hii ina sitara yake. Wateja wako wengi ni wanawake wenzako. Daftari linaweza kuja nyumbani, mtoto akiwa amelala unafanya. Ukipata ujauzito unapunguza wateja, ukimaliza arubaini unarudisha. Kazi gani nyingine ya shahada itakusubiri hivyo?

Anza na harusi yako mwenyewe. Andika mahari, andika zawadi, andika nani ametoa nini na nini kimeazimwa. Baada ya fungate utashukuru.

Na kwa wenye maduka wenzetu

Jamani, msimfanye mtoto wa watu kazi ya bure kwa kumwambia "unapata uzoefu". Uzoefu haulipi daladala. Mkimkabidhi hesabu, mkabidhini zote. Mkimficha nusu, atakuleteeni jibu la nusu. Akikwambieni kwamba biashara haina faida, msimkasirikie. Na akipata kazi benki ya Kiislamu au Wizarani, mpeni barua nzuri na mumuombee dua, maana nyuma yake kuna mdogo wake anayesoma Chwaka ambaye mwakani atataka madaftari yale yale.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie wadogo zetu milango ya riziki ya halali, azijaalie kalamu zao ziwe ushahidi kwao na zisiwe ushahidi juu yao, na atie baraka katika biashara za kina mama wote wa visiwa hivi. Amin.